Dodoso la Kauli Saba: Linaitambua Hofu Kazini Vizuri Kuliko Linavyoiondoa

Mwajiri anayetaka kujua kama mahali pake pa kazi pana afya ana vitu vingi vya kuchagua, kuanzia sanduku la maoni la mbao lenye kufuli hadi washauri wanaolipwa mamilioni ya shilingi na kuwapeleka wafanyakazi Bagamoyo kwa siku mbili wakiwa wamevaa fulana zinazofanana. Kifaa ninachokitathmini hapa hakiuzwi. Ni dodoso la kauli saba lililotungwa na Amy Edmondson, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1999 katika utafiti wake uliohusu timu 51 za kampuni moja ya viwanda. Linapima jambo moja tu, nalo ni kama watu wanaofanya kazi pamoja wanaamini kwamba wanaweza kusema neno gumu, kuuliza swali ambalo wengine wataliona la kijinga, au kukiri kosa, bila kuadhibiwa wala kudhalilishwa. Nimelitumia katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, nikiwa upande wa rasilimali watu, na kampuni hiyo sitaitaja jina. Kwa maoni yangu ni kifaa kizuri sana cha kutambua ugonjwa, ni dhaifu katika kuuponya, na waajiri wengi huyasoma majibu yake kinyumenyume.

Kauli zenyewe hazina utata. Moja inasema kwamba anayekosea katika timu hii husimangwa kwa kosa lake. Nyingine kwamba wanatimu wanaweza kuyazungumza matatizo na mambo magumu. Nyingine kwamba wapo watu wanaokataliwa kwa kuwa tofauti na wenzao. Nyingine kwamba mtu anaweza kujaribu jambo lenye uwezekano wa kushindwa bila kujiweka hatarini. Nyingine kwamba ni vigumu kuwaomba wenzako msaada. Nyingine kwamba hakuna anayeweza kuihujumu kazi yako kwa makusudi. Na ya mwisho kwamba ujuzi na vipaji vyako vinathaminiwa na kutumika. Mfanyakazi huonyesha kwa kila kauli ni kwa kiasi gani ina ukweli, kuanzia 1 hadi 7. Kauli tatu zimeandikwa kwa upande wa ubaya, kwa hiyo alama zake hugeuzwa wakati wa kujumlisha, na ugeuzaji huu una faida ambayo watu hawaioni mwanzoni: anayepita na kalamu akiweka alama ya "ni kweli kabisa" kuanzia juu hadi chini, ili amalize haraka au asimuudhi mtu, atakuwa amekubali wakati uleule kwamba wakosaji husimangwa na kwamba mambo magumu huzungumzwa kwa uhuru. Fomu za namna hiyo huonekana mara moja. Zikiwa nyingi katika idara moja, zenyewe ni jibu.

Ili kueleza kwa nini nalithamini dodoso hili, ni lazima nieleze kazi yetu inavyokwenda. Wakala wa forodha huishi kwa karatasi na kwa muda. Mzigo ukishuka melini, unakuwa na siku kadhaa za kukaa bandarini au bandari kavu bila malipo, na zikipita, gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa kila siku, huku mwenye meli naye akidai malipo ya kontena lake linalochelewa kurudi. Karani akikosea tarakimu moja ya namba ya kontena au akiweka namba ya HS, yaani msimbo wa kimataifa wa kutambulisha aina ya bidhaa, isiyolingana na mzigo kwenye TANSAD, ambayo ni hati ya tamko la forodha, kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa utaratibu unaojulikana iwapo litasemwa asubuhi ileile. Lisiposemwa, kila saa inayopita ina bei yake. Sidhani kama kuna biashara nyingi ambamo ukimya wa mfanyakazi mdogo unaweza kuhesabiwa kwa shilingi namna hii.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea katika kikao cha Jumatatu. Meneja wa shughuli alikuwa akiingia na mafaili yaliyorudishwa na forodha, anainua moja juu ili kila mtu alione jalada lake, kisha anauliza, "Hii ni kazi ya nani?" Jina la karani lilikuwa limeandikwa juu ya faili hilo kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo swali halikuwa la kutaka kujua. Karani alisimama, akasema, "Ni yangu, bosi," na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya elimu yake, ukoo wake na vijana wa siku hizi, wala si juu ya faili. Wiki chache baadaye karani huyohuyo aligundua kosa kwenye tamko jingine Alhamisi alasiri. Hakusema. Aliliweka faili droo ya chini, akakusudia kulirekebisha mwenyewe kimyakimya kesho yake, ikawa kesho yake kuna foleni ya kazi nyingine, Jumamosi ikapita na Jumapili ikapita, na meneja akalijua jambo hilo Jumatatu kupitia ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mteja aliyekuwa anafoka. Uongozi uliona uzembe wa karani. Mimi niliona mtu aliyefundishwa na kikao kile kwamba kusema kuna adhabu ya hakika na kuficha kuna adhabu ya kubahatisha, naye akachagua bahati.

Dalili nyingine zilikuwepo, na yeyote aliyefanya kazi ofisini atazitambua. Barua pepe za mambo madogo zilinakiliwa kwa watu kumi, si kwa sababu watu kumi walizihitaji bali ili mwandishi awe na mashahidi. Ujumbe wa kundi la kazi uliingia saa tano usiku, na kila mtu alitakiwa kujibu "Sawa bosi" kabla ya kulala, hata wasiohusika. Likizo ya mwaka, ambayo sheria ya Tanzania inaitaja kuwa siku 28, ilikuwa inaombwa kwa sauti ya kuomba radhi. Na mtu akileta habari mbaya, swali la kwanza halikuwa "imekuwaje?" bali "nani kasema?" Ukisikia swali hilo la mwisho mara nyingi mahali pamoja, unaweza kuokoa gharama ya dodoso lolote.

Hata hivyo nililigawa, kwa sababu mkurugenzi hawezi kupelekewa hisia za afisa rasilimali watu na kuambiwa azifanyie kazi. Anataka namba. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ubora wa kifaa hiki unategemea mno namna kinavyofikishwa mikononi mwa watu. Toleo la kwanza lilikuwa la mtandaoni, kwa fomu ya Google, na wafanyakazi wa ofisini wakauliza mara moja kama fomu inarekodi anwani zao za barua pepe, swali la busara kabisa kwa kuwa mpangilio huo upo na huwashwa kwa kubofya mara moja. Kwa madereva na watu wa yadi tulitumia karatasi. Dereva mmoja wa makamo, mtu ambaye ofisi nzima humwita Mzee kwa heshima, aliishika karatasi yake kwa muda, akaigeuza nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mwandiko wangu si wataujua?" Nikamweleza kwamba hakuna cha kuandika, ni kuweka alama ya vema tu, na kwamba kalamu zote ni za bluu za aina moja. Akatabasamu, akasema, "Na mkono wangu unaotetemeka je?" Alikuwa anatania, lakini hakuijaza mpaka wenzake wote walipokuwa wametumbukiza zao kwenye boksi na yake ikaweza kuchanganyika.

Idara ndogo zina tatizo kubwa zaidi. Ukiwa na watu wanne wa uhasibu, na mmoja wao ndiye mkuu wao, kutangaza wastani wa idara hiyo ni sawa na kutangaza majina. Tuliamua kwamba kundi lolote lenye watu pungufu ya watano litaunganishwa na jingine, utaratibu unaotumiwa na wengi wanaofanya tathmini za namna hii, na mkurugenzi hakuufurahia kwa sababu uhasibu ndio aliotaka kuusikia zaidi. Mwajiri asiyeweza kukubali sharti hili asilitumie dodoso, kwani atakuwa anakusanya ushahidi dhidi ya watu wake.

Kuna upungufu mwingine unaotokana na desturi zetu, nao si kosa la mtunzi. Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri" kwanza, na baada ya "nzuri" ndipo inapokuja "ila", kwamba ila mama amelazwa, ila mvua imebomoa ukuta. Dodoso linakusanya "nzuri" na kuondoka kabla ya "ila" kufika. Kwa sababu hiyo namba peke yake hazikutosha, na kilichosaidia ni kukaa na watu wachache wachache baada ya majibu kupatikana, bila mkuu wao, na kuwauliza swali moja kwa kila kauli iliyopata alama za chini: nipeni mfano, bila jina. Mifano ndiyo iliyoleta habari zote za droo ya chini, za mashahidi wa barua pepe, na za msichana wa mapokezi ambaye alikuwa akitumwa kumnunulia bosi mmoja chakula cha mchana kwa fedha zake mwenyewe ambazo hazikurudi.

Nilisema kwamba waajiri huyasoma majibu kinyumenyume, na hili ndilo jambo linalonifanya niandike. Kabla ya kazi yake ya 1999, Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi nane za hospitali mbili za Marekani, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yalimshangaza mwenyewe: wodi zilizoongozwa vizuri na zenye mahusiano mazuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zinakosea zaidi, bali zilikuwa zinasema zaidi. Katika wodi nyingine makosa yalikuwepo, ila yalizikwa. Mwajiri anayeelewa jambo hili ataangalia idadi ya makosa yanayoripotiwa kwa jicho jingine kabisa. Ofisi yenye hofu huwa na rejista safi. Mikutano yake huisha mapema, hakuna anayepinga, na mkaguzi akija hukuta kila kitu kimejazwa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwetu sisi, miezi ya kwanza baada ya kuanza mabadiliko ilileta ripoti nyingi za makosa kuliko hapo kabla, na mkurugenzi akaniita kuniuliza kama zoezi hili limewalegeza watu. Nilimwekea mbele orodha mbili, moja ya makosa yaliyoripotiwa na nyingine ya gharama za kuhifadhi mizigo tulizolazimika kuzibeba wenyewe kwa sababu ya kuchelewa kwetu. Ya kwanza ilikuwa imerefuka, ya pili imefupika. Aliziangalia kwa muda mrefu, akaomba abaki nazo.

Mabadiliko yenyewe hayakutoka kwenye dodoso, kwa kuwa halisemi neno lolote kuhusu cha kufanya, na mwajiri anayelipakua akitarajia maelekezo atavunjika moyo. Tulianza na kikao cha Jumatatu. Mafaili hayainuliwi tena, na swali la "ni kazi ya nani?" limeachwa, badala yake huulizwa "tulijua saa ngapi, na nini kilituzuia kujua mapema?" Meneja wa shughuli aliombwa aanze kila kikao kwa kutaja jambo lililomshinda yeye wiki iliyopita. Alikataa kwa muda, akisema kwamba watoto hawatamheshimu, kisha Jumatatu moja akasema kwa ufupi kwamba alimwahidi mteja tarehe bila kuwauliza watu wa yadi na ahadi hiyo ikamwaibisha. Hakuna aliyecheka. Karani wa kwanza kuzungumza baada yake alitaja kosa ambalo bado lilikuwa na nafasi ya kurekebishwa siku hiyo.

Watu wengine hudai kwamba vifaa vya namna hii haviwezi kufanya kazi katika jamii inayowaheshimu wakubwa, na mimi sikubaliani nao. Heshima haijawahi kuwa kizuizi cha ukweli kwetu. Tunazo njia za adabu za kumweleza mkubwa jambo asilotaka kulisikia, na mambo mazito ya familia tangu zamani hupelekwa kwa mshenga ili pande mbili zisivunjiane heshima ana kwa ana. Tuliutumia utaratibu huohuo. Wafanyakazi walimchagua mtu mmoja wanayemwamini, mwanamke wa umri wa mama zao anayefanya kazi ya masjala, na kampuni ikakubali kwa maandishi kwamba ataweza kuleta jambo lolote bila kulazimishwa kumtaja aliyemtuma. Mama huyu amekuwa na faida kuliko sanduku la maoni, ambalo kwetu lilikuwa limetundikwa chini ya kamera ya usalama na ufunguo wake ukikaa kwa katibu muhtasi wa meneja yuleyule aliyelalamikiwa.

Lipo eneo ambalo dodoso hili halilifikii kabisa, na ni la hatari. Uchambuzi wa Donald Sull na wenzake uliochapishwa mwaka 2022 na jarida la usimamizi la MIT ulikuta kwamba utamaduni mbovu wa kazi ulitabiri kuondoka kwa wafanyakazi mara 10.4 zaidi ya malipo, na watafiti hao wakautambua ubovu huo kwa sifa tano: kutoheshimu watu, kuwatenga baadhi yao, kukosa uadilifu, kukanyagana ili kupanda, na unyanyasaji. Kauli saba zinagusa kutoheshimiana, kutengana na kuhujumiana. Kuhusu rushwa hazisemi chochote, na kuhusu unyanyasaji hazisemi chochote, ingawa katika kazi inayopita kwenye madawati mengi ya vibali mfanyakazi anaweza kushinikizwa na bosi wake atoe "chai" mahali fulani kisha akaachwa ajibu peke yake. Nyumba inaweza kupata alama nzuri kwa sababu wenye nguvu ndani yake wanalindana vizuri.

Mambo haya yana njia yake. Msichana anayetakiwa kimapenzi na mkuu wake ili apandishwe cheo hahitaji karatasi ya alama 1 hadi 7; Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja hilo kuwa kosa la jinai, na mahali pake ni TAKUKURU. Unyanyasaji unaotokana na misingi kama jinsia, kabila, dini au ulemavu unahesabiwa kuwa ubaguzi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyohiyo imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, kwa hiyo ofisi inayowakalisha watu hadi usiku bila malipo ina deni, na deni haliitwi "utamaduni". Anayeachishwa kazi kwa kusema ukweli ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nimewaona watu wakizipoteza siku hizo wakisubiri bosi apoe.

Nikililinganisha na njia nyingine, mahojiano ya mtu anayeacha kazi ndiyo yanayosifiwa zaidi na wenzangu wa fani hii, nami nayaona dhaifu kuliko dodoso. Anayeondoka anahitaji cheti cha utumishi, anahitaji mafao yake yasicheleweshwe, na anajua kwamba mwajiri wake mpya huenda akapiga simu. Atasema amepata fursa nzuri zaidi na anawashukuru wote. Washauri wa nje wana nafasi yao pale ambapo afisa rasilimali watu mwenyewe haaminiki, lakini tulipoomba makisio kutoka kwa baadhi yao tulikuta kwamba sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye ukumbi, chakula na mabango, na kwamba tathmini wanayoifanya ni dodoso hilihili likiwa limeongezewa nembo.

Kwa kutambua hofu ninalipa nyota nne kati ya tano, na nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya "ila" lisiloisikia. Kwa kuboresha ninalipa moja. Linafaa kampuni yenye watu wa kutosha kuficha majibu ya mtu mmoja, na yenye mkurugenzi ambaye yuko tayari kuyasoma matokeo mbele ya wafanyakazi ndani ya wiki mbili, kwa kuwa karatasi zinazokusanywa na kunyamaziwa huwaacha watu wakiwa na hofu zaidi ya waliyokuwa nayo. Halifai duka la familia lenye wafanyakazi sita ambamo anayefoka ndiye mwenye mali. Hapo hakuna wa kupelekewa matokeo, na nguvu ni bora zielekezwe kwenye tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, au kwenye kutafuta kazi kwingine.

Sisi tutalirudia baada ya mwaka, kwa karatasi kwa kila mtu, wakiwemo wa ofisini. Safari hii boksi litapita kwa yule mama wa masjala badala ya kwangu, kwani mikutano midogo ilionyesha kwamba baadhi ya watu walisita kujaza kwa sababu ya ofisi yangu, ambayo iko mlango mmoja na ya mkurugenzi.